Lita Moja, Kilomita Kumi na Saba

Tangu nirudi Mbagala, kila anayeingia kunipa pole anakaa, anakunywa chai, halafu anashusha sauti: "Hivi ile siku ilikuwaje? Mbona tunasikia gari liliwazimikia porini?" Nimesimulia mpaka koo limekauka. Hamisi naye anasimulia ya kwake, na ya Hamisi mnayajua, hayakosi chumvi. Basi nimeandika. Someni wenyewe, na mkimaliza mniache nikande unga wangu wa maandazi.

Tegeta hadi Mbagala

Simu ilitoka Liwale asubuhi. Aliyepiga ni Mwanahawa, binti wa Mama Mkubwa Mwajuma. Mama Mkubwa ni dada yake mama, tumbo moja, na katika watoto wa bibi walikuwa wamebaki wao wawili tu. Mwanahawa hakuzunguka.

"Dada Zaituni, mama hali yake siyo nzuri. Tangu juzi anamuita mdogo wake. Mleteni upesi."

Mabasi ya Liwale yalikuwa yameshaondoka alfajiri. Kusubiri ya kesho maana yake kufika kesho jioni, tena mama nyonga yake mbovu, siku nzima kwenye kiti cha basi asingeiweza. Nikampigia mdogo wangu Hamisi, ambaye kazi yake ni ufundi wa viyoyozi na kazi yake ya pili ni kujuana na watu. Akanijibu, "Dada, niachie mie." Mkimsikia Hamisi anasema niachie mie, shikeni roho zenu.

Alikwenda Tegeta kwa rafiki yake Sudi, akakaa kwenye foleni ya huko mpaka nikadhani kahamia, na adhuhuri ndiyo akatokea hapa kwetu Rangi Tatu na pikapu ambalo lilijaza kichochoro chetu chote. Pikapu kubwa la dizeli, milango minne, matairi yananifika kiunoni. Nyuma limesheheni mifuko ya saruji na nondo. Sudi anajenga kwao Liwale, na sharti la kupewa gari lilikuwa tumfikishie mzigo wake.

"Hili dude na mzigo huu, mafuta tutaweza?" nikamuuliza.

"Dada, usiogope umbo. Gari hii inanusa tu."

Nyie mlionunua magari mnalijua neno hilo. Hakuna muuza gari Dar ambaye gari lake linakunywa mafuta, yote yananusa. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lakini Hamisi alikuwa na ushahidi. Kwenye dashibodi palikuwa na kioo kidogo, na kwenye kioo namba: kumi na saba. Pembeni yake herufi ya L, halafu vijialama, halafu km.

"Unaona? Lita moja, kilomita kumi na saba. Na hapo ina mzigo, imetoka foleni ya Tegeta. Tumejaza tenki, sie Liwale tunakwenda, tunarudi, na mengine tunamwachia Sudi."

Mshale wa mafuta je? Mshale usiuangalie, Sudi kasema umelegea, unashuka hovyo. Angalia namba.

Tukamlaza mama kiti cha nyuma juu ya godoro, mito miwili chini ya nyonga. Akauliza jambo moja tu: "Tutamkuta?" Nikasema tutamkuta inshallah. Sikuwa na uhakika hata kidogo.

Mbagala hadi Nangurukuru

Kongowe malori yalisimama kama yamepandwa. Vikindu hivyohivyo. Mama alikuwa akivuta tasbihi, na kila tulipokaa zaidi ya kidogo anauliza, "Hapa ndiyo wapi?" Nikimtajia anapiga hesabu zake kimya, halafu tasbihi inaenda kasi zaidi.

Baada ya Mkuranga njia ikafunguka. Hamisi akakanyaga, namba ikashuka hadi kumi na nne, na yeye akanuna. "Lami inaichosha," akasema. Alikuwa ameshatunga elimu yake: kwenye foleni gari linatulia, halikimbii, kwa hiyo namba inapanda, kwenye mwendo mkali namba inashuka. Nikaona ina mantiki. Mie naijua gesi na mkaa, dizeli nilimwachia mwanaume.

Ikwiriri tukala kambale wa kukaanga na ugali, haraka haraka, mama akila chake garini. Mbele ya daraja barabara ilikuwa inatengenezwa, upande mmoja unapita, mwingine unangoja. Tukangoja sana. Hamisi hakuzima injini kwa sababu ya kiyoyozi cha mama, na tukiwa tumesimama pale palepale namba ikawa inapanda: kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba.

"Umeona?" akaniambia. "Inajirudi yenyewe."

Nikacheka, nikampiga kikofi cha bega. Kweli nilifurahi. Tulikuwa tunashangilia mafuta yanavyomwagika.

Nangurukuru tulifika magharibi. Njia ya Liwale kuanzia hapo ni vumbi na pori, tukaona tulale, mama anyooshe mgongo. Alfajiri nikampigia Mwanahawa. Akaweka simu kwenye sikio la mama yake, mama naye akaweka kwenye la kwake. Mama akaita, "Dada. Dada Mwajuma." Nilikuwa karibu, nikasikia kilichojibu: pumzi tu, nzito, zinakwaruza. Mama akanirudishia simu, akasema, "Washeni gari."

Kituo cha mafuta kilikuwa mbele yetu, kina foleni ya malori. Mshale ulikuwa umeshuka hadi karibu na robo. Nikauangalia, nikamwangalia Hamisi.

"Si nilikwambia umelegea? Namba hiyo hapo, kumi na saba. Tukikaa kwenye foleni hii tutapoteza asubuhi nzima."

Maneno yake yalinipendeza, kwa sababu na mie nilitaka tuondoke. Tukaondoka.

Nangurukuru, Njinjo na mlima

Njia ile ina mchanga, mashimo, na matuta madogo madogo ya kutetemesha meno. Kila gari likirushwa, mama anaguna na kushika nyonga, halafu anasema, "Nendeni, nendeni." Namba ikafika ishirini na moja. Baada ya Njinjo ikafika ishirini na nne.

"Hili gari linapenda vumbi!" Hamisi akasema.

"Alhamdulillahi," mama akaitikia huko nyuma.

Tukaanza kupanda mlima. Injini ikanguruma, saruji ikatuvuta nyuma, na namba ikaruka hadi thelathini na moja. Tukafika juu. Upande wa pili mteremko mrefu, Hamisi akatoa mguu, gari likawa linajiendea lenyewe. Nikatazama kioo. Sifuri.

Nikawaza moto wangu wa maandazi. Nikiwasha jiko kubwa, gesi inakwisha upesi. Nikizima, haiendi hata kidogo. Sasa gari lenye mzigo, linapanda mlima, linapiga kelele vile, eti ndipo linapokula kidogo? Na linapoteremka bure, mguu umetolewa, ndipo linapokula kuliko wakati wote? Nikainama mpaka pua ikakaribia kioo, nikavisoma vile vijialama vya katikati ambavyo hatukuvijali. Mstari mdogo umelala, halafu mia moja.

Haikuwa kilomita kumi na saba kwa lita moja. Ilikuwa lita kumi na saba kwa kilomita mia. Kila namba ilipopanda na sie tukafurahi, lilikuwa linameza zaidi. Na mshale, mwenzangu, haukuwa umelegea hata siku moja. Sasa ulikuwa umelala kabisa kwenye mstari mwekundu.

Niliogopa sana. Mama hakutakiwa kujua. Nikasema nataka kujisaidia, Hamisi akasimamisha, nikamkonyeza ashuke aangalie tairi. Nyuma ya saruji nikamweleza kwa kunong'ona. Alianza kubisha, kwani Hamisi hata akiona moto atabisha kwamba ni moshi. Halafu akahesabu kwa vidole.

"Kwa ile ishirini na nne ya Njinjo, lita moja ni kama kilomita nne."

"Na njia hii labda haifiki nne."

"Dada, hata kurudi Nangurukuru hatufiki."

Niwaambie hapa nyie mnaotaka pikapu kubwa, kisha niendelee. Gari la tani kadhaa likiwa limebeba, kwenye lami ukipata kilomita sita au saba kwa lita, shukuru Mungu. Kwenye vumbi na milima hesabu nne. Anayekuambia kumi na saba ama anauza, ama kasoma kama Hamisi.

Tukarudi garini. Tukazima kiyoyozi, tukafungua vioo, Hamisi akaendesha polepole kama anabeba mayai. Tumeacha kubishana wote wawili. Mama akainua kichwa.

"Mbona mnakwenda kama mnasindikiza jeneza?"

Nikajifanya naangalia njia.

Kijiji cha mafuta tele

Taa nyekundu ilikuwa imeshawaka tulipoona nyumba. Mbele ya kila kigenge zimepangwa chupa za petroli za bodaboda, zinang'aa juani, chupa kwa chupa, na gari letu ni la dizeli. Sijawahi kuichukia petroli kama siku ile. Tukasimama kwa mama mmoja aliyekuwa anapepeta ufuta barazani.

"Shikamoo mama. Mafuta tutapata hapa?" Hamisi akauliza.

"Marahaba. Mafuta yapo, tele! Mnataka mengi?"

"Hata dumu zima!"

Akaingia ndani mbio. Hamisi akafungua kifuniko cha tenki, akalipokea dumu alilotoka nalo yule mama kwa mikono miwili, akaliinua. Harufu ikanifika kabla hajamimina.

"Hamisi! Acha!"

Yalikuwa mafuta ya ufuta, safi, yamekamuliwa juzi. Yule mama akabaki anatuangalia, mara sie, mara tenki. "Kwani nyie gari mnalikaanga?"

Siku nyingine ningekaa chini nikacheka. Nilitaka kulia. Alipoelewa tunachotafuta akasema dizeli hapa anayo mtu mmoja tu, Mzee Likwata wa mashine ya kusaga, na ni ya injini ya mashine yake.

Mashine ilikuwa inalia, na wanawake wamepanga mabeseni ya mahindi hadi nje. Mzee Likwata akatusikiliza huku nyusi zake zimejaa unga. Akatikisa kichwa.

"Ninayo dumu moja, na gari la kuniletea jingine haijulikani linakuja lini. Nikiwapa nyie, hawa watasaga wapi? Kijiji kizima kilale njaa?"

"Mzee, tuna mgonjwa," nikasema.

"Kila gari linaloishiwa mafuta hapa lina mgonjwa."

Nikageuka, nikamwona mama anakuja. Kashuka mwenyewe, kajishika ubavu, anavuta mguu kwenye mchanga, jasho linamtoka. Kumbe alisikia yote. Hakunitazama. Alimsalimia mzee, akawasalimia wale wanawake, akasema:

"Mie dada yangu yuko Liwale, anakata roho, ananiita. Sina mwingine. Sikulazimishi, baba. Nimekuja useme mbele yangu, ili nijue kama nikae nimlilie hapahapa."

Mzee Likwata akatazama chini. Mashine ikaendelea kulia. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa mbele kabisa kwenye foleni akainama, akajitwika beseni lake la mahindi.

"Zima hiyo mashine, Likwata," akasema. "Kinu ninacho nyumbani. Sie tutatwanga."

Na wa nyuma yake akajitwika. Na wa nyuma yake. Mmoja aliondoka anasonya, simlaumu, kutwanga si mchezo. Lakini waliondoka wote. Mzee akazima injini, akatoa dumu. Lilikuwa limepungua nusu.

Halafu akalitazama gari letu. "Na hayo masaruji mnakwenda kumzikia nani? Shusheni."

Tukashusha. Mzee mwenyewe alibeba, na mama wa ufuta alibeba, na Hamisi alibeba mpaka miguu ikatetemeka. Saruji na nondo za Sudi tukazipanga kwenye baraza la mashine. Sudi tungemwambia baadaye, simu yenyewe haikuwa na mtandao.

Pale lilipozimika

Gari jepesi lilikwenda vizuri. Namba ikashuka hadi kumi na tano, na safari hii tulijua cha kufurahia. Kwa muda nikaamini tutafika. Mama alikuwa amekaa sasa, hakulala tena, anashika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili.

Nusu dumu ni nusu dumu. Injini ikakohoa, ikajivuta, ikakohoa tena. Hamisi akasema, "Bismillahi, bismillahi," kana kwamba analisukuma. Likazima kwenye mchanga, na pakawa kimya, nyenje tu. Liwale ilikuwa imebaki kama kilomita thelathini.

Tulisimama juani. Nilipanda juu ya bodi kutafuta mtandao, nikashuka. Mama alikaa kivulini pa tairi na tasbihi yake, na kila nilipomwangalia nilimwona anazidi kuwa mdogo. Kisha tukasikia pikipiki inatoka nyuma yetu. Mtu mzima, kanzu kaikunja kiunoni, shehena ya ndizi ameifunga nyuma.

Akasimama. Hamisi akamweleza. Yule baba akamtazama mama.

"Mnafuata mgonjwa au maiti?"

Nilitaka kumrukia. Mama akajibu kwa utulivu, "Nilipoondoka alikuwa mgonjwa."

"Basi panda, dada yangu." Akaanza kufungua kamba, ndizi zake akazishusha zote majanini. Nikasema na mie nitapanda. "Mmoja," akasema. "Mchanga huu mmoja tu, ukitaka afike."

"Nyonga yake mbovu, baba, ataanguka."

Mama akavua khanga ya juu. "Nifungeni naye."

Mnamjua mama yangu. Tangu baba afariki hajampa mwanaume mkono hata wa salamu bila kuufunika. Nikamfunga kwa yule baba, mgongo kwa kifua, nikakaza fundo mpaka akaguna. Nikambusu shavuni, lina vumbi na chumvi. "Mwambie nakuja," nikamwambia. "Mwambie niko nyuma yako."

Wakaondoka. Mchanga ukawarusha huku na huku, na kichwa chake cheupe kikaonekana, kikapotea, kikaonekana, mpaka njia ikapinda.

Hapo nikamgeukia Hamisi. Nilikuwa nimemwekea maneno tangu mlimani, makali, yamepangwa. Nikamkuta amekaa kwenye bampa, uso kauficha kwenye viganja, mabega yanatikisika. Nikakaa pembeni yake.

Lori la mbao ndilo lililotuokoa. Dereva alinyonya dizeli yake kwa mpira, akatupa ya kutosha, akatusaidia kutoa hewa kwenye bomba maana injini ilikataa kuwaka. Jua lilikuwa limeshaanza kulala upande mmoja.

Liwale

Nilijua kabla gari halijasimama. Wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye mikeka, na mmoja wao alikuwa anakata sanda kwa kipimo.

Nikaingia. Wanawake wakanipisha. Mama Mkubwa alikuwa amelazwa, amefunikwa, na mama amekaa ubavuni pake, miguu kainyoosha, vumbi la njia bado liko kwenye nyusi. Hakuwa analia. Nikapiga magoti, nikamshika.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta." Akaninong'oneza karibu na sikio, kama watu wanapozungumza karibu na aliyelala. "Akafungua macho. Akasema nimekonda. Mie nimekonda, yeye je? Tukaongea, Zaituni, tukaongea mpaka alasiri ikaadhiniwa."

Nikashindwa kujizuia. Nililia kwa furaha na kwa wivu pamoja, maana Mama Mkubwa ndiye aliyenilea mpaka nikaanza shule, na nilikuwa kilomita thelathini tu.

"Akaniuliza, umekuja na nani," mama akaendelea. "Nikamwambia Zaituni na Hamisi, wameishiwa mafuta njiani, wanakuja. Akamwita Mwanahawa. Akamwambia, wapikie wenzio, watafika na njaa." Mama akainyoosha shuka ya dada yake. "Hakusema tena baada ya hapo."

Mwanahawa akanishika mkono, akanitoa ua wa nyuma. Mnajua nyumba ya msiba haiwashi moto. Lakini jikoni palikuwa na sahani mbili zimefunikwa kwa kawa, na Hamisi ameshakaa mbele ya moja, hajaigusa.

"Nilikuwa nimeshaepua alipokata," Mwanahawa akasema. "Ni chakula chake hiki. Kaleni."

Nikanawa. Ulikuwa wali na mbaazi za nazi, umeshapoa. Nikamwambia Hamisi sema bismillahi, tukala, na hatukubakisha hata punje.